Kompyuta imekwama kwenye asilimia 11: nizime au ningoje?

"Habari ya kazi, mtaalamu. Nina kibanda cha kuchapa na kupiga fotokopi hapa Busia, upande wa Uganda. Kompyuta yangu ni ya mezani, niliinunua ikiwa imeshatumika, na diski yake ni ya GB 500. Wiki tatu sasa inachelewa sana kuwaka, na nikifungua folda moja ya ripoti za shule kila kitu kinaganda. Mara moja moja nasikia 'tik' ndani ya kasha. Fundi wa kwanza akaniambia nifomati, itapona. Wa pili akasema diski ilazwe kwenye friza usiku kucha. Kaka yangu naye jana jioni akawasha ile programu ya Windows ya kukagua diski. Ikafika asilimia 11 na mpaka asubuhi hii haijasogea. Ndani mna ripoti za wanafunzi, mikataba ya viwanja ya wateja na picha za watoto wangu. Sina nakala nyingine. Niendelee kungoja au nizime? Na je, diski hii inatengenezeka?"

Dada yangu, zima. Bonyeza kitufe cha kuwashia, kishikilie mpaka kompyuta izimike kabisa, kisha chomoa waya ukutani. Haya mengine yasome ikiwa imezimwa.

Najua umesikia kwamba ukizima katikati ya ukaguzi unaharibu kila kitu. Onyo hilo si la uongo. Programu ikikatizwa wakati inaandika, orodha ya faili inaweza kubaki nusu nusu. Lakini ukaguzi uliokaa usiku mzima kwenye asilimia 11 kwa kawaida hauandiki chochote. Unang'ang'ania kusoma sehemu isiyosomeka, na kila dakika ya kung'ang'ania inaichosha diski ambayo tayari ni mgonjwa. Kati ya hatari hizo mbili, ya kuendelea ndiyo kubwa.

Swali lako la pili lina mambo mawili ndani yake ambayo watu huyachanganya, hata mafundi. Diski kama chombo haitengenezeki. Sahani ikishapata doa au kichwa cha kusomea kikishadhoofika, hakuna programu wala bisibisi ya kukirudisha kilivyokuwa. Kinachoweza kuokolewa ni data, na mara nyingi huokolewa vizuri tu kama hakuna aliyetangulia "kuitibu" diski. Kwa hiyo mtu yeyote akikuahidi kuiponya, muulize anaponya nini: diski, au ripoti zako?

Ndani ya hiyo diski kuna sahani moja au zaidi zilizopakwa utando wa sumaku. Katika diski nyingi za kompyuta za mezani zinazunguka mara 7,200 kwa dakika, yaani mara 120 kila sekunde. Juu ya uso wa sahani kuna kichwa kidogo cha kusomea kinachoelea kwa nguvu ya hewa inayosukumwa na mzunguko huo. Nafasi kati ya kichwa na sahani ni nanomita chache, wakati unywele wa mtu una unene wa makumi ya maelfu ya nanomita. Chembe ya vumbi ambayo wewe huioni ikiwa mezani, kwa kichwa hicho ni jiwe katikati ya barabara.

Data yako imekatwa vipande vidogo viitwavyo sekta, vya baiti 512 au 4,096 kila kimoja. Kichwa kikishindwa kusoma sekta, diski haikati tamaa mara moja. Inajaribu tena na tena kwa kukisogeza kichwa huku na huku, kisha inapiga hesabu zake za kusahihisha makosa. Diski zilizoundwa kwa ajili ya hifadhi za mtandao huambiwa ziache baada ya kama sekunde 7. Za kompyuta za kawaida kama yako zinaweza kuhangaika na sekta moja hata dakika nzima. Windows nayo ikijibiwa kwamba imeshindikana, huomba tena. Sasa weka sekta mbovu mia kadhaa mahali pamoja, tuseme pale penye folda yako ya ripoti, na umepata maelezo ya kuganda kwote unakokuona. Kompyuta haina virusi wala haijazeeka. Inangoja jibu ambalo halitakuja.

Programu aliyoiwasha kaka yako, chkdsk, ilitungwa kwa ajili ya diski yenye afya ambayo orodha yake ya faili imevurugika, mathalani umeme ulipokatika ghafla. Shabaha yake ni kuifanya orodha hiyo iwe safi. Kuokoa kazi yako si shabaha yake. Ikikuta maelezo ya folda hayasomeki inaweza kuyafuta, na faili zilizobaki bila mwenyewe ikazitupa kwenye folda iitwayo FOUND.000, zikiwa na majina kama FILE0000.CHK. Ripoti ya darasa la saba na mkataba wa kiwanja vitakuwa vimevaa sare moja, na wewe ndiye utakayekaa kuvipambanua. Tena mabadiliko yote hayo yanaandikwa kwenye diski ileile inayokufa. Simlaumu kaka, Windows yenyewe huipendekeza mara kwa mara kana kwamba ni kidonge cha maumivu.

Ushauri wa kufomati una ukweli ndani yake, ndiyo maana unadumu. Sekta ikishindwa kusomeka, diski huiandika kwenye orodha ya zinazosubiri uamuzi. Haiihamishi papo hapo, kwa kuwa bado inatumaini siku moja itasomeka. Uamuzi huja pale mtu anapoandika kitu kipya juu yake: hapo diski hupima, ikiona sehemu ni mbovu kweli inatumia sekta ya akiba badala yake. Basi fundi akifomati kwa ile njia ndefu inayoandika diski nzima, orodha ya zinazosubiri inashuka mpaka sifuri, kompyuta inakimbia tena, na fundi anakuonyesha kwenye skrini kwamba diski ni nzima. Hajadanganya kuhusu anachokiona. Ila data yako yote imefutwa, na kilichoharibu sekta zile bado kimo humo ndani. Mwaka 2007 watafiti wa Google walichapisha matokeo ya kuchunguza diski zaidi ya laki moja za kampuni hiyo. Waliona kwamba diski ikishaonyesha kosa la kwanza katika kujikagua, uwezekano wake wa kufa ndani ya siku 60 ni mara 39 ya ule wa diski isiyo na kosa hilo. Diski "iliyopona" kwa kufomatiwa ni ya kuchezea muziki dukani. Mikataba ya watu usiiweke humo.

Friza, hapana kabisa. Hewa ya upande wenu wa ziwa ina unyevu mwingi. Ukiitoa diski kwenye baridi, unyevu unajikusanya kuwa matone madogo madogo, na matone hayo hayatachagua kubaki nje. Ukiiwasha hivyo, kichwa kinachoelea kwa nanomita chache kinakutana na maji. Waliofanikiwa kwa njia hiyo walikuwa na diski za zamani na bahati, na wale ambao hawakufanikiwa hawasimulii. Kuigonga gonga ni vilevile. Ukiona mtu anataka kuibadilishia bodi ya chini kwa kuazima ya diski nyingine inayofanana, muulize kwanza atafanyaje na ile chipu yenye vipimo vya diski yako. Kila diski hupimwa kiwandani na vipimo vyake vinahifadhiwa kwenye bodi yake, kwa hiyo bodi ya jirani peke yake haitoshi kwa diski nyingi za miaka hii.

Tuje kwenye "tik". Mlio wa mara moja moja, huku kompyuta bado inawaka, mara nyingi ni kichwa kinachorudi kwenye maegesho yake na kutoka tena kwa sababu kimepotea njia. Ni dalili mbaya, lakini bado una nafasi. Tik-tik-tik ya mfululizo, kama saa ya ukutani, na diski isionekane kwenye kompyuta, maana yake kichwa hakipati alama zinazokiongoza. Ukisikia huo usiwashe tena hata mara moja "kwa kujaribu tu", kwa sababu kichwa kilichovunjika kinaweza kuwa kinakwaruza sahani, na kilichokwaruzwa hakuna maabara duniani itakayokirudisha.

Hatua yako ya kwanza haihitaji kompyuta. Kaa chini na kalamu, uandike ni nini hasa unakitaka, kwa mpangilio wa umuhimu, kisha utafute kila kipande ambacho tayari kipo kwingine. Ripoti nyingi ulimtumia mwalimu mkuu kwa WhatsApp kabla ya kuchapa. Mwombe asifute, akurudishie. Angalia barua pepe yako kwenye zilizotumwa. Wateja wa viwanja wanazo nakala zenye sahihi na unaweza kuzipiga skani. Picha za watoto huenda bado zimo kwenye simu iliyozipiga, au ya bibi yao. Nimeona watu wakilipa pesa nyingi kuokoa faili ambayo ilikuwa kwenye flashi ya mteja muda wote. Orodha hiyo pia ndiyo itakayokuambia ni kiasi gani inafaa kulipa kama mambo yataharibika.

Baada ya hapo, kama diski haitoi mlio wa mfululizo na haijawahi kuanguka, unaweza kuinakili wewe mwenyewe au na kijana anayejua Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta unaotumika badala ya Windows. Kanuni ni moja: diski mgonjwa inasomwa tu, haiandikwi, na Windows iliyomo ndani yake haiwashwi tena. Tafuta diski mpya ya nje ya TB 1, ili nakala ya diski yote ya GB 500 ienee na nafasi ibaki. Iwe imefomatiwa kwa NTFS au exFAT, kwa sababu FAT32 haikubali faili moja kuzidi GB 4. Tafuta pia flashi, uweke SystemRescue, ambayo ni Linux ya bure iliyokusanya vifaa vya kazi hii na haifungui diski zako bila kuambiwa. Kabla ya kuwasha, fungua kasha na ubadilishe ule waya mwembamba wa data unaounganisha diski na bodi kuu. Ni wa bei ndogo, na mara nyingine wenyewe ndio mchawi.

Ukishawasha kwa flashi, andika `lsblk` kuona diski zote na ukubwa wake. Tulia hapo. Ukikosea ipi ni mgonjwa na ipi ni mpya unaweza kuiandikia ile ya zamani, na hapo hakuna wa kumlilia. Tuseme mgonjwa ni sdb. Amri ya `smartctl -a /dev/sdb` inakupa kumbukumbu ambazo diski imejiwekea yenyewe. Soma mistari minne na uangalie namba nzima iliyo mwishoni mwa kila mmoja. Namba 5 ni sekta zilizokwisha kuhamishiwa akiba. Namba 197 ni zinazosubiri uamuzi, na 198 ni zilizoshindikana kabisa. Namba 199 ni makosa ya njiani kati ya diski na bodi kuu. Kama 199 ni kubwa na hizo tatu ni sifuri, shukuru, huenda shida ilikuwa waya. Kama 197 ni mamia, tunajua tuko wapi. Lakini sifuri zote nne hazimaanishi diski ni salama: katika uchunguzi uleule wa Google, sehemu kubwa ya diski zilizokufa hazikuwa zimetoa dalili kwenye vipimo hivi. Sikio lako lililosikia "tik" ni kipimo pia.

Kisha iambie Linux iifungue diski mpya kwa amri ya `mount`, tuseme mahali paitwapo /mnt/mpya, na uiite ddrescue, programu ya kunakili diski mgonjwa, hivi:

`ddrescue -d -n /dev/sdb /mnt/mpya/diski.img /mnt/mpya/diski.map`

Uzuri wa ddrescue ni kwamba ina adabu ambayo Windows haina. Inachukua kwanza yale yanayotoka kwa urahisi. Ikigonga pabaya inaruka, inaendelea mbele, na kuandika kwenye ile faili ya ramani kwamba hapa palishindikana. Diski yenye afya ya GB 500 inayosoma MB 100 kwa sekunde ingemalizika kwa kama saa moja na nusu; yako inaweza kuchukua siku nzima au mbili, usishangae. Awamu hiyo ikiisha ndipo unarudia amri ileile ukiondoa `-n` na kuweka `-r2`, ili irudi kwenye mabaya na kuyajaribu mara mbili zaidi.

Umeona ramani nimeiweka kwenye diski mpya? Hapo ndipo wengi wanapoumia. Linux ya flashi inakaa kwenye kumbukumbu ya muda, kwa hiyo ramani ukiiacha humo na umeme ukakatika, imepotea na unaanza upya, na diski haina nguvu za kuanza upya. Ikiwa kwenye diski mpya, umeme ukirudi unaandika amri ileile na kazi inaendelea ilipoishia. Hata hivyo, kwa kazi hii azima UPS, lile kasha la betri linaloshikilia kompyuta umeme ukikatika. Jenereta ndogo ya dukani, ambayo volti zake zinapanda na kushuka kila jirani anapowasha pasi, usiitumie.

Wakati inaendelea, elekeza feni kwenye diski na usiitikise. Ukisikia mlio umebadilika kuwa wa mfululizo, au kasi imeshuka mpaka karibu sifuri na haipandi, simamisha kwa Ctrl na C. Ulichokwisha kupata kinabaki.

Nakala ikikamilika, iweke diski ya zamani kabatini. Matengenezo yote sasa yanafanyika kwenye nakala, na ikiwezekana kwenye nakala ya nakala. Hata chkdsk ya kaka inaruhusiwa huko, maana ikikosea unarudia. Orodha ya faili ikiwa imevurugika sana kuna TestDisk, na ikishindikana kuna PhotoRec, zote za bure. PhotoRec huzitambua faili kwa umbo lake la ndani, kwa hiyo inarudisha picha na nyaraka bila majina wala folda. Utakaa jioni nyingi ukifungua moja moja, lakini zitakuwepo.

Kuna wakati nitakuambia usijaribu lolote nyumbani. Mlio wa mfululizo ni mmojawapo. Mengine ni diski isiyoonekana kabisa au inayojitaja kwa ukubwa wa ajabu, iliyoanguka, iliyoingia maji, inayonuka kuungua, au inayolia kama mbu bila kuzunguka. Hizo zinahitaji kufunguliwa, na hazifunguliwi kwenye meza yenye bisibisi na chai. Chumba kinachofaa kina hewa iliyochujwa mpaka kila mita moja ya ujazo isiwe na zaidi ya chembe 3,520 za ukubwa wa nusu maikroni na kuendelea. Hewa ya barabara yoyote ya Kampala haikaribii hata kidogo. Kabla ya kumpa mtu diski yako, muulize: utainakili kwanza kabla ya kurekebisha chochote? Ikibidi kufunguliwa, unafungua wapi, au unaituma kwingine? Usipopata data nakulipa kiasi gani? Fundi mwaminifu hujibu bila kukunja uso. Akisema "niachie tu, kesho njoo", nenda kwa mwingine. Ukilazimika kuisafirisha Kampala au Nairobi, ifunge kwa sponji nene, uipakate mwenyewe ndani ya basi. Kwenye keria ya bodaboda usiiweke.

Kuhusu gharama, nitasema wazi: kazi ya maabara ni ghali, mara nyingi kuliko kompyuta yenyewe. Kwa ripoti ambazo shule inaweza kukupa alama zake upya, mimi nisingelipa. Kwa picha za watoto ambazo hazipo popote pengine, huo ni uamuzi wenu wa nyumbani, na diski inaweza kusubiri kabatini mpaka pesa ipatikane. Diski iliyozimwa vizuri na kukaa pakavu haizidi kuharibika haraka.

Mashine yako ukiirudisha kazini, iwekee SSD, yaani diski ya chipu isiyo na sahani za kuzunguka, kwa ajili ya Windows; hata ndogo itakushangaza kwa kasi. Ila usidhani SSD haifi. Inakufa, na mara nyingi bila hata "tik" ya kukuonya. Kazi za wateja zikae mahali patatu: kwenye kompyuta, kwenye diski ya nje unayoichomoa kila jioni na kwenda nayo nyumbani, na sehemu ya tatu kwenye hifadhi ya mtandaoni, ambako nyaraka zilizochapwa hazili bando nyingi. Diski ya nje inayobaki imechomekwa usiku na mchana, radi ikipiga inaondoka pamoja na kompyuta.

Hiyo ya zamani nayo, ukishahakikisha faili zako zinafunguka kwenye nakala, usimuuzie mtu wa vyuma chakavu ikiwa nzima. Ina mikataba na majina ya wateja wako, na tangu 2019 Uganda ina sheria ya kulinda taarifa binafsi inayokugusa hata wewe mwenye kibanda. Ukiweza kuiandika sifuri mwanzo hadi mwisho, iandike. Usipoweza, fungua kifuniko chake, toa sahani, zikwaruze kwa msasa mpaka zipoteze kung'aa. Uangalie vidole, baadhi ya sahani ni za kioo.